Gitaa langu lilikuja kwenye gunia

Wiki hii naomba unicheke kwanza, ukimaliza kucheka ndiyo tuongee. Maana mimi, niliyezaliwa Morogoro nikakomalia Sinza, mtu ambaye sinunui hata nanasi bila kulinusa, nimenunua gitaa zima bila kuligusa hata kwa kidole.

Mjini hapa mtu wa namna hiyo huambiwa kauziwa mbuzi kwenye gunia. Kwangu mimi hata haukuwa msemo. Gitaa lenyewe lilikuja kwenye gunia kweli, gunia la salfeti, limefungwa kamba ya katani.

Ningekuwa nimelinunua kwa ajili yangu ningekaa kimya. Nina siri nyingi za aibu, hiyo ingekuwa moja tu. Lakini gitaa lile lilikuwa la baba yangu, na hapo ndipo penye kidonda.

Miaka minane bila gitaa lake

Baba alipiga gitaa la ridhimu katika bendi moja ya Morogoro kuanzia mwaka 1971 mpaka 1979. Usiniulize jina la bendi. Haikuvuma, wala haikurekodi hata wimbo mmoja. Lakini mji kasoro bahari ulikuwa mji wa muziki, usipime. Ndio mji wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Ndio mji wa Morogoro Jazz, ambayo ikiwa na Mbaraka Mwinshehe ilikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Kijana wa Moro aliyeshika gitaa miaka ile alijiona na yeye yuko foleni ya kwenda Japani.

Sasa sikia jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Wanamuziki wengi wa dansi wa enzi zile hawakuwa na vyombo vyao. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilifika mahali ikawa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Jeshi lilikuwa na bendi zake, polisi nao na yao. Kwenye bendi ndogo kama ya baba, vyombo vilikuwa vya mwenye baa.

Mpiga gitaa alikuwa kama dereva wa daladala. Usukani anaushika yeye, gari la tajiri. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako tu.

Mwaka 1979 baba alipoacha muziki akafundishe shule ya msingi, alilitundika gitaa kwenye msumari nyuma ya kaunta ya baa, akamshukuru mwenye mali, akatoka. Ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni hakuna, sabuni kwa foleni. Nani angekuuzia gitaa? Hata waliokuwa nayo walihangaika na nyuzi. Baba anasimulia jinsi rafiki zake walivyochambua waya za breki za baiskeli ili wapate uzi mwembamba. Baadaye tukaja sisi, watoto watano na ada zetu.

Basi gitaa likabaki kuwa hadithi ya baada ya chakula cha usiku. Mzee anasimulia huku anapiga ridhimu kwa vidole kwenye mkono wa kiti.

Kwa hiyo nilipopokea mchezo mwezi Desemba 2024, laki sita kamili, nilijiapiza. Mwaka huu mzee anapata gitaa lake mwenyewe, la kwanza, akiwa na miaka 71.

Picha ilinimaliza

Dar es Salaam maduka ya vyombo vya muziki yapo. Kariakoo yapo, na nauli ya kwenda Kariakoo ninayo. Lakini mtoto wa mjini anapenda mteremko. Jioni moja nimejilaza kitandani, simu mkononi, nikakutana na picha.

Jamani, ile picha! Gitaa rangi ya asali, limeng'aa mpaka unaweza kujichania nywele. Limeegemezwa kwenye sofa jekundu kama bi harusi anayesubiri mpiga picha. Chini pameandikwa: "Gitaa orijino kutoka Ulaya, mtumba gredi ya kwanza, 320,000 tu, lipo Arusha." Nikapiga simu palepale.

"Kaka, lile gitaa bado lipo?"

"Lipo bosi wangu, ila kuna mteja yuko njiani analifuata."

Huyo mteja wa njiani, msomaji wangu, ndiye mtu anayetembea kuliko wote Tanzania hii. Kila bidhaa inayouzwa yuko njiani anaifuata, na hajawahi kufika. Mimi najua hivyo. Lakini siku ile roho ilinidunda kama vile namwona anashuka kwenye bodaboda.

"Linalia vizuri lakini?"

"Bosi, hicho ni chuma! Babu kubwa! Ngoja nikuongezee picha."

Akaniongezea tano. Moja ya mbele kwa karibu, moja ya mbele kwa mbali, moja ya mgongo, moja ya lile tundu la sauti, na moja amelishika mtoto mdogo anacheka. Nikaridhika kabisa.

Hebu nisomee tena hapo. Niliuliza linalia vizuri, nikajibiwa kwa picha, na mimi nikaona nimejibiwa.

Nikatuma mkwanja kwa simu. Baada ya siku mbili nikaenda kupokea mzigo stendi ya Magufuli, Mbezi. Nikakabidhiwa gunia. Nikalichungulia mdomoni, nikaiona ile rangi ya asali, nikalifunga haraka kama mtu aliyebeba dhahabu. Hata kulitoa sikulitoa. Ningelitoa nifanye nini? Mimi gitaa najua kulishika wakati wa kupigwa picha tu.

Siku mbili kabla ya Krismasi nikapanda treni ya umeme, hii ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Gitaa limekaa mapajani. Dada mmoja aliyekaa jirani akaniuliza, "Kaka, wewe msanii?" Nikajibu kwa unyenyekevu wa uongo, "Kidogo kidogo." Chini ya saa mbili niko Moro, kichwa kimevimba kama maandazi.

Uliliona au ulilisikia?

Nyumbani nikawakuta sebuleni, baba, mama, dada yangu na watoto wake, na jirani wawili walioitwa kwa sababu maalumu. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikaliweka gunia miguuni pake. Alipofungua na kuona kilichomo alinyamaza. Akanyanyuka, akaenda nje kunawa mikono kwa sabuni, akarudi akiifuta na kitambaa. Mama akageuza uso. Mimi nikajikaza kiume.

Nilitegemea ataanza kucharaza. Wapi! Alilishika gitaa kama bunduki, kichwa cha gitaa kikiwa karibu na uso wake, akafumba jicho moja, akaangalia kwa mrefu kutoka kichwani kwenda tumboni, kama seremala anayepima ubao. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akalilaza mapajani, akatyuni kwa sikio, uzi mmoja baada ya mwingine. Akapiga mkono wa kwanza, huku karibu na kichwa. Likalia. Watoto wakapiga makofi.

Halafu akapandisha mkono shingoni kwenda juu. Ohoo! Ilikuwa kama wanakwaya wawili waliogombana, kila mmoja anaimba wimbo wake. Akajaribu tena. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kwa nguvu anayotumia kukandamiza nyuzi. Akaacha.

"Mwanangu, hili gitaa uliliona kabla ya kulinunua?"

"Niliona picha zake sita, baba."

"Sikuulizi picha. Uliliona? Au ulilisikia?"

Nikabaki mdomo wazi. Mzee alivyo muungwana, akacheka, akasema, "Ahsante sana, Mungu akubariki," akalisimamisha kwenye kona kwa upole. Pilau likaletwa, stori zikaendelea.

Lakini usiku, watu wote wamelala, nilimsikia. Alikuwa sebuleni gizani, anajaribu taratibu wimbo fulani wa zamani. Akifika mahali pa kupandisha mkono anasimama. Anaanza upya, anasimama palepale. Mara nne. Halafu nikasikia gitaa linarudishwa kwenye kona. Msomaji wangu, nilitamani nizame chini ya godoro.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini

Kesho yake tukalipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima anayetengeneza magitaa ya makanisa na ya bendi. Alilitazama mara moja tu, akacheka mpaka akakaa kwenye stuli. "Nani kamvalisha huyu buti za jeshi?" akauliza.

Ndipo nikapata shule ambayo sikuwa nimeilipia ada, na mimi nakupa wewe bure.

Magitaa yasiyotumia umeme yako ya aina kuu mbili. Kuna la nyuzi za nailoni, ambalo watu huliita klasiki, na kuna la nyuzi za chuma. Kwa mbali yanafanana kama mapacha. Lakini la nailoni mara nyingi kichwa chake kina madirisha mawili marefu, shingo yake ni pana, kama milimita 50 hadi 52 pale inapoanzia, na chini kwenye daraja nyuzi zinafungwa fundo. La chuma shingo yake ni nyembamba zaidi, kama milimita 43, na kwa kawaida chini nyuzi zinabanwa na vipini sita vidogo.

Tofauti kubwa haionekani kwa macho, iko kwenye mvuto. Nyuzi sita za nailoni zikishakazwa zinavuta kwa pamoja karibu kilo 40. Nyuzi za chuma za kawaida zinavuta kilo 70 na ushee. Ndiyo maana gitaa la chuma huwekewa nondo ndani ya shingo, ili isipinde. La nailoni kwa kawaida halina nondo, kwa sababu halikutarajiwa kubeba mzigo huo.

Langu lilikuwa la nailoni. Mtu, sijui wapi wala lini, alilifunga nyuzi za chuma. Basi nyuzi zikavuta, mwezi kwa mwezi, mpaka shingo ikapinda mbele kama upinde wa kuwindia digidigi. Daraja nalo lilianza kubanduka. Fundi alipitisha karatasi chini yake, ikaingia vizuri tu. Sasa ongeza na safari ya Arusha mpaka Dar ndani ya buti la basi, joto lile, na gundi ya gitaa haipendi joto.

Shingo ikipinda, nyuzi zinakaa juu sana mbali na mbao. Ili uzi ufike chini lazima uukandamize kwa nguvu, na ukiukandamiza hivyo unauvuta, ukivutika sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Karibu na kichwa husikii sana. Ukipanda juu ndiyo unasikia wale wanakwaya wanagombana. Wala hakuna kutyuni kutakakoponya hilo, maana kosa haliko kwenye nyuzi, liko kwenye shingo.

Na ukipiga picha kwa mbele, shingo iliyopinda inaonekana imenyooka kama rula. Picha zangu sita zote zilisema kweli. Rangi ya asali ilikuwa ya asali.

Nilimpigia muuzaji

Nilimpigia nikiwa na hasira za kutosha kuchemsha maji. Nilidhani simu haitapatikana. Akapokea haraka sana.

"Bosi wangu! Mzee kalipenda?"

Nikamweleza yote, shingo, daraja, nyuzi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyeshangaa kweli, "Kaka, mimi gitaa silijui. Lilikuja kwenye mzigo wa mitumba halina nyuzi. Nikanunua nyuzi nilizozikuta dukani nikalifunga ili lipendeze. Picha si nilikutumia?"

Sikuwa na la kusema. Nilitaka awe tapeli ili nimchukie kwa raha, kumbe tulikuwa vipofu wawili tunauziana miwani. Hela hakurudisha, alisema ameshanunulia mzigo mwingine. Sitakwambia ni nani, kwa sababu nikikaa nikafikiri, swali moja tu la maana nililomuuliza lilijibiwa na picha ya mtoto anacheka.

Kabla hujatoa pochi

Sasa wewe unayewaza kumnunulia mpenzi wako gitaa siku ya kuzaliwa, au unayetaka kuanza kujifunza ili uimbe barazani kwa watu, kata ukurasa huu uuweke.

Kwanza, fanya kama baba. Funga jicho moja, angalia shingo kwa mrefu kutokea kichwani. Inatakiwa inyooke, au iwe na mbonyeo mdogo sana wa kusingiziwa. Ukiona upinde, au imejikunja kama mbao iliyonyeshewa, rudisha ulipolitoa, sema ahsante.

Pili, pima urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti ya 12. Freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vilivyolala kukatisha shingo. Rula ya shule inatosha. Uzi mnene wa gitaa la chuma ukiwa milimita 2 na nusu hadi 3 juu ya freti hiyo, safi. Wa nailoni ukiwa kama 4, safi. Ukifika 5 au 6, huo ni uzi wa kuanikia nguo.

Tatu, freti ya 12 iko katikati kabisa ya uzi, na ndiyo inayoumbua gitaa bovu. Gusa uzi kwa wepesi juu yake bila kuukandamiza, ucharaze, uachie: utasikia sauti nyembamba kama kengele. Kisha ukandamize hapohapo, ucharaze tena. Sauti mbili zile zinatakiwa ziwe moja. Zikitofautiana, gitaa hilo huko juu litakuabisha. Huna sikio la muziki? Programu ya kutyuni ipo bure kwenye simu, itakuambia.

Nne, piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, moja baada ya nyingine. Unatafuta mahali panapozizima kama nzi ndani ya chupa, na mahali palipokufa kabisa. Muuzaji akikukunjia uso, mkunjie na wewe. Hela ni yako.

Tano, pitisha karatasi chini ya daraja. Zungusha vile vifungio vya kukazia nyuzi uone kama vinashika au vinateleza. Gonga tumbo kwa kidole: likitoa mlio wa kugongagonga ndani, kuna kitu kimebanduka.

Na usijidanganye kuwa jipya la dukani halina haja ya kujaribiwa. Mbao ni mbao. Magitaa mawili ya jina moja, bei moja, yaliyotoka boksi moja, yanaweza kupishana mkononi. Moja likakukubali, jingine likakukatalia. Halafu kuna mkono wako mwenyewe. Mwenye vidole vifupi akipewa shingo pana ataona gitaa ni gumu, aache baada ya wiki mbili, aseme hana kipaji. Kumbe kipaji anacho, gitaa ndilo si lake.

Sasa je, kama uko Songea na gitaa liko Dar, na hakuna jinsi? Basi usikubali picha. Dai vitu vinne. Dai picha ya shingo iliyopigwa kutokea kichwani kwa mrefu. Dai picha ya rula imesimama kwenye freti ya 12. Dai video, si ya mtu anayecharaza kwa mbwembwe, bali ya kila uzi unapigwa wazi kisha kwenye freti ya 12. Na uliza ni la nailoni au la chuma, na limefungwa nyuzi gani. Muuzaji asiyejua jibu la hilo la mwisho huenda ni mtu mwema kabisa, ila usimtumie hela. Ukiwa na rafiki anayepiga gitaa mji huohuo, mnunulie soda aende yeye. Soda ni rahisi kuliko fundi.

Msumari wa mzee

Fundi alilitoa zile buti za jeshi. Akabandika daraja upya, akalibana na vibanio siku kadhaa, akalifunga nyuzi za nailoni, akapunguza kile kipande ambacho nyuzi hulalia. Shingo alisema hawezi kuinyoosha yote. Kazi hiyo ingekula hela kuliko gitaa lenyewe. Nililipa 85,000 pamoja na nyuzi. Jumlisha na 320,000, jumlisha na nauli ya gunia, kwa mkwanja huo ningeingia duka lolote Kariakoo, nikakaa kwenye kistuli, nikajaribu magitaa mpaka mwenye duka aniletee chai.

Mwaka mpya tukakaa tena sebuleni, safari hii bila jirani, mimi niliomba iwe hivyo. Baba akatyuni. Akapiga mkono wa kwanza, ukalia laini, mzito, mtamu. Akaanza ridhimu ya zamani, ile inayozunguka inarudi, inazunguka inarudi. Mama aliyekuwa anachambua mchele akaanza kutikisa sinia kwa kuifuata, sidhani hata kama alijua anafanya hivyo. Vidole vya mzee vilikuwa vizito, vikakosea, vikakumbuka. Alipiga nusu saa nzima bila kusimama.

Alipomaliza nikajitutumua. "Baba, nisamehe. Fundi kasema kuanzia freti ya saba kwenda juu bado litakudanganya."

Akaniangalia kama aliyekuwa akiniangalia nilipoleta ripoti mbaya ya shule.

"Mwanangu, huko juu ni kwa watu wa solo. Mimi nilikuwa mpiga ridhimu. Mshukuru Mungu hukuzaliwa na mpiga solo."

Akaomba nyundo. Akapigilia msumari ukutani, juu ya kiti chake, akalitundika. Msumari wake, na gitaa lake.

Mimi nilibahatika kwa sababu baba yangu ni mtu wa ridhimu. Wewe wa kwako huenda ni wa solo. Kwa hiyo ukiliona gitaa limeng'aa kwenye simu leo usiku, mwambie mwenye nalo alipige kwanza ulisikie. Na akikuambia kuna mteja yuko njiani analifuata, mwache mwenzako afike.